Kuchonga kwa kompyuta: daftari kwanza, kisha fundi

Vijana wa hapa Mtongwe huniuliza nilisomea wapi kuchonga sanamu kwa kompyuta. Nilisomea kwenye daftari, na kwa mafundi wawili.

Programu yenyewe ni Blender. Haina malipo, na tangu 2002 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kinachogharimu ni bando. Ukitazama video za mafunzo bila kuandika, kesho utanunua bando jingine utazame yale yale.

Mimi hugawa ukurasa safu tatu: nilichotaka, kitufe nilichobonyeza, kilichotokea. Mfano, F hubadilisha ukubwa wa brashi. Ukishikilia Shift, brashi hulainisha. Ukishikilia Ctrl, brashi inayoinua huchimba. Nikikwama, safu ya tatu naiacha wazi. Hilo ndilo swali la kumpelekea fundi.

Fundi wangu wa kwanza ni kijana aliyenitangulia kwenye programu. Wa pili ni mzee mchonga vinyago wa Changamwe, ambaye kompyuta haijui. Kwake ni tezo kwanza, kisu baadaye, msasa mwisho. Kwenye kioo ni vivyo hivyo: simamisha umbo kubwa kwa poligoni chache. Ukikimbilia makunyanzi mapema, siku utakayotaka kusogeza pua utaharibu uso mzima.

Basi ukimwendea fundi, usimwambie tu "nifundishe". Mfungulie daftari, umwonyeshe palipo wazi. Hata akiwa na dakika tano tu, hutaondoka mikono mitupu.