Printa ya ofisi 'ikigoma', kosa huenda si la printa

Na Mwandishi Wetu, Babati

MWANANCHI anayefika ofisini kuomba barua ya utambulisho na kuambiwa arudi kesho kwa sababu "printa haisomi", huondoka akiamini kuwa mashine imeharibika. Mara nyingi mashine hiyo ni nzima. Kilichokatika ni mawasiliano kati yake na kompyuta zinazoitumia kwa pamoja.

Kwa kata kama Sigino, katika Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, jambo hilo si dogo. Ofisi au shule yenye printa moja ikishindwa kuchapa, mtumishi hulazimika kuweka waraka kwenye flashi na kuupeleka steshenari. Hapo hulipwa fedha za kuchapa, lakini hupotea pia siri, kwani mtihani wa wanafunzi au fomu yenye taarifa za mgonjwa inaweza kubaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Chanzo kikubwa cha tatizo ni umri tofauti wa kompyuta. Ofisi hununua mashine moja moja kadiri fedha zinavyopatikana, hivyo si ajabu kukuta Windows 7, Windows 10 na Windows 11 katika chumba kimoja, pamoja na simu za watumishi. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows XP Aprili 8, 2014, kwa Windows 7 Januari 14, 2020 na kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025.

Kompyuta hizo zilitengenezwa zikiwa na taratibu tofauti za kuaminiana. Windows XP hushirikisha mafaili na printa kwa utaratibu wa kale uitwao SMB1. Mei 2017 kirusi WannaCry kilitumia udhaifu wa utaratibu huo kusambaa duniani, kikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtumiaji kubofya chochote. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuuondoa utaratibu huo katika kompyuta zinazosimikwa upya.

Mwaka 2021 masharti yaliongezeka. Baada ya kugundulika kwa udhaifu katika huduma ya uchapaji ya Windows, uliopewa jina la PrintNightmare, marekebisho ya Agosti mwaka huo yalimzuia mtumiaji wa kawaida kusimika draiva ya printa bila idhini ya msimamizi wa kompyuta. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa. Marekebisho ya Septemba 2021 yalikaza zaidi uthibitishaji kati ya kompyuta yenye printa na zile zinazoiomba kuchapa. Ndipo ofisi nyingi duniani zilipoanza kuona kosa namba 0x0000011b.

Kabla ya kumwita fundi, jiulize kwanza: je, inayoshindwa kuchapa ni kompyuta moja au ni zote? Ikiwa ni zote, chunguza printa, anwani yake na kompyuta iliyoishika. Ikiwa ni moja, printa haina kosa. Chunguza kompyuta hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuchapa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vya printa yenyewe. Ukitoka vizuri, wino na karatasi havina tatizo. Kisha angalia printa imeunganishwaje. Ikiwa imefungwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mtumishi mmoja, wengine hawawezi kuchapa kompyuta hiyo ikiwa imezimwa au imelala.

Hatua ya pili ni anwani. Umeme unapokatika na kurejea, ruta inayogawa anwani za mtandao inaweza kuipa printa anwani nyingine, huku kompyuta zikiendelea kuitafuta ile ya zamani. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao wa printa, kisha linganisha anwani iliyomo na ile iliyoandikwa katika mipangilio ya kompyuta. Anwani inayoanza na 169.254 kwa kawaida huonyesha kuwa printa haikupewa anwani na ruta.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha kuwa vyombo vyote viko katika mtandao mmoja. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya simu, au na mtandao wa wageni wa ofisi, kwa kawaida haiwezi kuiona printa hata kama iko mezani hapo hapo.

Hatua ya nne ni foleni. Waraka mmoja ulionasa huweza kuzuia mingine yote. Futa kazi zilizokwama, kisha iwashe upya huduma ya uchapaji.

Yote hayo yakishindikana, soma kosa linaloonyeshwa. Ikiwa ni 0x0000011b, weka marekebisho ya Windows katika kompyuta zote mbili, ile yenye printa na ile inayoomba. Ikiwa kompyuta inadai huna ruhusa, tengeneza akaunti yenye nenosiri katika kompyuta yenye printa, kwa kuwa matoleo mapya ya Windows yanazidi kuwakataa wageni wasio na nenosiri. Windows ya biti 32 na ya biti 64 nazo huhitaji draiva tofauti.

Iko njia ya mkato ambayo baadhi ya mafundi huitumia: kuondoa marekebisho ya usalama, kuzima kinga ya mtandao au kuirudisha SMB1. Printa huchapa siku hiyo, lakini mlango uliopitiwa na WannaCry hubaki wazi kwa kompyuta zote za ofisi.

Suluhisho la kudumu kwa printa yenye uwezo wa mtandao ni kuiunganisha moja kwa moja na ruta, kuitengea anwani isiyobadilika na kuisimika katika kila kompyuta kwa anwani hiyo. Kwa njia hiyo hakuna kompyuta inayoitegemea nyingine, na mashine ya zamani haihitaji kuaminiwa na mpya. Kompyuta za Mac na za Linux nazo huweza kuifikia, na printa nyingi za kisasa hupokea kazi kutoka kwenye simu.

Kwa printa yenye USB pekee, ni vema ikashikwa na kompyuta inayoendelea kupata marekebisho ya usalama. Aidha, anwani ya printa na tarehe ilipowekwa ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine, ili fundi ajaye asianze kwa kubahatisha.