Spika, Kipaza Sauti na Mlango wa Gari

Mara kwa mara Baraza huletewa swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo: kile chombo cha duara kilichofungwa ndani ya mlango wa gari, kitoacho sauti ya redio, kiitweje kwa Kiswahili sanifu? Wapo wanaokiita spika, wapo wanaokiita kipaza sauti, na wapo wanaodhani kwamba jina la kwanza ni la mitaani na la pili ndilo la ofisini. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao wa mwisho, mpaka tulipopata habari za ofisi moja katika Mkoa wa Tanga ambayo gari lake lilikuwa na redio iliyokwaruza. Karani aliandika kwamba vinahitajika vipaza sauti vinne kwa matumizi ya gari. Vikaletwa vinne vya kushika mkononi, vya kuhutubia, kwa kuwa muuzaji alifahamu kwamba gari hilo ni la matangazo. Karani hakuwa na kosa, na muuzaji pia hakuwa na kosa. Neno lilibeba maana zote mbili, na kila mmoja alichukua yake.

Tuangalie kitenzi chenyewe. Kupaza ni kupandisha juu, na mwenye kupaza sauti ni yule anayeifanya isikike mbali. Lakini katika mitambo ya sauti kazi hugawanyika sehemu tatu. Maikrofoni huipokea sauti ya mtu na kuigeuza kuwa umeme hafifu. Kikuza sauti huuongezea umeme huo nguvu. Spika huupokea umeme wenye nguvu na kuurudisha kuwa sauti. Kwa hiyo, tukifuata maana ya asili, chombo chenye haki zaidi ya kuitwa kipaza sauti ni kile cha kati, ambacho hakuna anayekiita hivyo! Magazeti yetu huandika leo kwamba mgeni rasmi alisimama mbele ya kipaza sauti, na kesho kwamba adhana ilisikika katika vipaza sauti vya msikiti. Msomaji haoni taabu, maana muktadha humwongoza. Taabu huanza pale muktadha unapokosekana, kama vile katika orodha ya vifaa, katika zabuni, au katika kijitabu cha maelekezo.

Kuchanganyikiwa huku kuna sababu yake. Maikrofoni ya aina ya kawaida na spika ni ndugu wa damu: kila kimoja kina sumaku, koili ya waya mwembamba, na kitu chepesi kinachotikisika. Tofauti ni kwamba kimoja hutikiswa na sauti kikatoa umeme, na kingine hutikiswa na umeme kikatoa sauti. Katika simu za zamani za kuitana kati ya ofisi na ofisi, chombo kimoja kilifanya kazi zote mbili kwa zamu.

Ili tusiamue mambo ya gereji tukiwa mezani, tulikwenda Ngamiani, katika zile barabara za mji wa Tanga zinazoitwa kwa namba, tukakaa na mafundi wa umeme wa magari. Pwani hii haina huruma na spika. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Miguu ya shaba hufanya kutu ya kijani, na karatasi ya spika hulainika na kuchanika. Fundi mmoja mtu mzima alituonyesha moja aliyoitoa katika gari la Pangani. "Hii imekula chumvi, mwanangu," akasema, "ukiigusa inabaki mkononi." Tulipomuuliza kama chombo kile ni kipaza sauti, alitutazama kidogo, kisha akajibu kwa upole kwamba vipaza sauti huuzwa duka jingine.

Kazi ya kubadilisha spika si ngumu, na wenye magari wengi huifanya wenyewe. Kwanza huondolewa kichwa hasi cha betri. Kisha hufunguliwa skrubu za kava la mlango, ambazo wazee wa pwani bado huziita parafujo, na kava huvutwa taratibu lisivunje vibanio vyake. Nyuma yake huwa kuna karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua. Hiyo haitupwi, hurudishwa ilivyokuwa, la sivyo spika mpya nayo italowa. Magari mengine hufungwa spika kwa ribiti badala ya skrubu, na ribiti hizo hazina budi kutobolewa kwa keekee. Kabla ya kununua, mtu hupima upana, kwa mfano inchi 6 na nusu, na husoma ukinzani ulioandikwa nyuma ya sumaku. Katika magari mengi ni omu 4. Akifunga spika ya omu 2 kwenye redio iliyotengenezwa kwa omu 4, redio itatoa umeme kupita kiasi chake na huenda ikaungua.

Sasa twafika mahali ambapo istilahi yaweza kumtia mtu hasara. Mafundi wengi huuita waya mmoja "moto" na wa pili "ethi". Kwa taa za gari majina hayo yanafaa kabisa, kwa kuwa waya wa pili wa taa huishia kwenye bodi ya gari. Lakini nyaya mbili za spika zote hutoka kwenye redio na zote hurudi kwenye redio. Katika redio nyingi za siku hizi hakuna hata mmoja kati yake unaoruhusiwa kugusa bodi. Mwanafunzi wa gereji akisikia "ethi", afanye nini? Atautafuta msumari wowote wa bodi aufunge hapo, na redio yaweza kuharibika papo hapo. Neno lililomfaa jana kwenye taa limemponza leo kwenye mlango. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa ufundi na watafsiri wa vijitabu watumie chanya na hasi, ambayo mwanafunzi amekwisha kuyasoma katika fizikia, na ethi waiache kwa waya unaokwenda kwenye bodi kweli.

Chanya na hasi zina faida nyingine pia. Spika za kulia na kushoto sharti zisukume hewa pamoja na kuivuta pamoja. Zikifungwa kinyume, moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, sauti nene za ngoma na gitaa la besi hufifia, na mwenye gari hudhani ameuziwa spika mbovu. Mguu wa chanya kwa kawaida ndio mpana zaidi. Alama zikiwa zimefutika, mtu huchukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, akagusa miguu miwili kwa kitambo kidogo tu. Karatasi ikiruka kuelekea nje, basi mguu ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Hiyo "karatasi" nayo imetushughulisha, kwa kuwa siku hizi mara nyingi si karatasi bali plastiki. Hapa hatukuhitaji kukopa. Mtengeneza ngoma huwamba ngozi, na kilichowambwa ni kiwambo. Neno hilo mwanafunzi hukutana nalo tena katika somo la mwili wa binadamu, kwa ule msuli ulio chini ya mapafu. Twapendekeza kiwambo cha spika. Wapo waliotaka pia, kwa sababu ya umbo lake, lakini kiwambo chataja kazi na si umbo tu, nasi tumeliona hilo kuwa bora.

Kuhusu jina la chombo kizima, kanuni yetu ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake na lugha za jamaa zake, kabla ya kukopa nje, ni kanuni njema, lakini haituamuru kulifukuza neno ambalo muuzaji, fundi na mnunuzi wamekwisha kukubaliana nalo. Spika libaki spika. Anayehofia kwamba litagongana na Spika wa Bunge aangalie upatanisho: Spika amefungua kikao, spika imefunguka skrubu. Maikrofoni iwe ya kusemea, kikuza sauti kiwe cha kati, na kipaza sauti kiachwe kwa mtambo mzima wa kuhutubia, vyombo vyote vitatu kwa pamoja.

Bado hatujapata jina la ule ukanda laini unaokishika kiwambo kwenye fremu yake. Ngamiani huuita sponji, hata unapokuwa wa mpira. Msomaji mwenye neno la wavuvi, la washonaji au la watengeneza ngoma linaloweza kufaa atuandikie.