Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mustakabali wa Timu ya Kandanda ya Chuo Chini ya Mkufunzi Mpya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa vinywani mwa mashabiki kila chuo kinapomtangaza mkufunzi mpya wa timu yake ya kandanda. Matumaini hupanda, machungu ya msimu uliopita husahauliwa, na jina la mgeni huimbwa hata kabla hajaujua uwanja atakaoufanyia kazi. Baada ya mechi nne au tano, nyimbo hizo hugeuka kuwa lawama. Makala haya yanaeleza mambo yanayoamua mustakabali wa timu ya chuo inapopata mkufunzi mpya, kwa kurejelea vyuo vya kiwango cha kati katika maeneo ya Kachibora, Kitale na Bungoma. Hoja kuu ni kwamba mkufunzi wa chuo hana muda wa kutosha kujenga kikosi cha kudumu. Anachoweza kujenga ni utaratibu, pamoja na lugha ya kazi, ambavyo vikosi vitakavyofuatana vitarithishana.

Suala la muda

Mfano wa Robert Matano unafaa kuzingatiwa. Mkufunzi huyu aliiongoza Sofapaka kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2009, kisha Tusker mwaka wa 2012. Aliporejea Tusker mwaka wa 2018, hakulitia taji kabatini siku ya kwanza. Alilipata mwaka wa 2021, na akalihifadhi mwaka wa 2022. Yaani mtu aliyekwisha kuwa bingwa mara mbili, katika klabu aliyoifahamu, alihitaji takribani miaka mitatu.

Miaka mitatu ndiyo aghalabu muda wa stashahada nzima. Mwanafunzi wa cheti hukaa chuoni kwa muda mfupi zaidi. Aidha, sehemu ya muda huo huliwa na mafunzo ya nyanjani, ambapo mwanafunzi huondoka kwa muhula mzima kwenda kufanya kazi karakanani, ofisini au shambani. Inawezekana basi mkufunzi akamfinyanga beki wa kati kuanzia Januari, na ifikapo Mei beki huyo akawa yuko Eldoret akijifunza kutengeneza magari. Mkufunzi wa klabu akikumbwa na pengo kama hilo, ana dirisha la usajili. Mwenzake wa chuo hana budi kusubiri wanafunzi wapya waje, na wao hawaji kwa sababu ya kandanda.

Kuna watakaopinga hoja hii kwa kumtaja Benni McCarthy. Raia huyo wa Afrika Kusini aliteuliwa kuifunza Harambee Stars mnamo Machi 2025. Mwezi Agosti mwaka uo huo, katika mashindano ya CHAN ambayo Kenya iliyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda, timu yake iliongoza kundi lililokuwa na Morocco, waliokuja kuwa mabingwa. Kenya iliishinda Morocco bao 1-0, na ikaondolewa katika robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Ni kweli kwamba miezi mitano ilitosha kuleta mabadiliko. Hata hivyo, McCarthy aliteua wachezaji kutoka ligi nzima ya taifa. Mkufunzi wa chuo huteua kutoka orodha ya waliolipa karo.

Wachezaji anaowarithi

Eneo hili halina uhaba wa vipawa. St. Anthony's ya Kitale imewahi kutwaa ubingwa wa kandanda wa shule za upili nchini, na Shule ya Upili ya Kakamega, iliyo katika kaunti jirani, imejulikana kwa miongo mingi kuwa chimbuko la wachezaji wa timu ya taifa. Vijana wanaomaliza katika shule kama hizo, na katika nyingine zisizo na jina, ndio hujiunga na vyuo.

Shule hizo zinatoa funzo ambalo vyuo vingi havijalitilia maanani. Wanafunzi wake pia huondoka kila baada ya miaka michache, lakini mazoezi husimamiwa na walimu wanaobaki. Mwanafunzi mpya humkuta mwalimu yule yule aliyewafunza waliotangulia, na huanza kujifunza uchezaji ule ule kabla hajavaa jezi ya timu kubwa. Chuo kinachomleta mkufunzi wa nje kwa mkataba wa mwaka mmoja, bila kumpa msaidizi kutoka miongoni mwa wahadhiri wake, hulazimika kuanza upya kila anapoondoka.

Jina kubwa pekee halimlindi yeyote dhidi ya misukosuko hii. Nzoia Sugar ya Bungoma, yenye makao katika Uwanja wa Sudi, ilirejea katika ligi kuu mwaka wa 2017 na ikashushwa ngazi mwaka wa 2024. Ikiwa klabu yenye wachezaji wa kulipwa inaweza kuporomoka, timu ya wanafunzi haiwezi kutarajia kuokolewa na mtu mmoja.

Suala la lugha

Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 mipango ya makazi iliwaleta pamoja watu wa jamii nyingi. Katika kikosi kimoja mnaweza kuwa na Mbukusu, Msabaoti, Mpokot, Msengwer, Mmarakwet, Mkisii na Mkikuyu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mkufunzi mpya huichukulia hali hii kuwa ya kawaida, ilhali ndipo penye kazi yake ya kwanza.

Chukua maagizo mawili ya mlinda lango: "Mwache!" na "Uache!" La kwanza, kwa kiambishi cha mtu, linamtaka beki asimfuate mshambulizi. La pili, kwa kiambishi cha mpira, linamtaka asiuguse mpira. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara, upatanisho wa ngeli hulegea, na watu wengi hutumia umbo moja kwa yote. Sokoni hakuna hasara. Katika eneo la hatari, beki anayejiuliza ni nini kiachwe amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana mkufunzi makini huchagua maneno machache, kama vile "panda", "rudi", "mtu nyuma" na "niachie", akayafafanua, na akayatumia hayo hayo kila siku ya mazoezi. Maneno hayo mchezaji wa mwaka wa tatu anaweza kumfunza wa mwaka wa kwanza hata mkufunzi asipokuwepo.

Lugha ina uzito mwingine pia. Eneo hili liliguswa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kumbukumbu hizo hazijafutika majumbani. Timu inapofungwa, swali la kwa nini fulani amepangwa linaweza kugeuka upesi kuwa swali la anakotoka. Mkufunzi anayemnong'oneza mchezaji mmoja kwa lugha ya mama mbele ya wenzake, hata akiwa anampa pole tu, huwapa wengine sababu ya kushuku. Anayeeleza uteuzi wake kwa Kiswahili, mbele ya wote, huilinda timu na zaidi ya timu.

Dalili za kuangaliwa

Kutokana na maelezo haya, mustakabali wa timu usipimwe kwa matokeo ya muhula wa kwanza pekee. Kwanza, iangaliwe kama mkufunzi amepewa angalau miaka mitatu ya masomo. Pili, kama ana msaidizi ambaye ni mwajiriwa wa chuo. Tatu, kama ratiba ya mafunzo ya nyanjani inamfikia mapema, ili ajue nani hatakuwepo. Nne, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufanya mazoezi pamoja na wakubwa wao. Chuo kinachokosa manne haya kitafuta mkufunzi na kuajiri mwingine, na hali itabaki ile ile.

Hitimisho

Neno "mkufunzi" lenyewe linatoa mwanga. Katika uwanja wa kandanda nchini Kenya humaanisha kocha, na katika vyuo vya ualimu humaanisha anayewafunza walimu watarajiwa. Hakuna anayetarajia mkufunzi wa chuo cha ualimu atoe walimu bora katika muhula mmoja. Mwenzake wa uwanjani anastahili kipimo hicho hicho. Wanaomkaribisha kwa methali ya mgeni njoo wakumbuke pia ile isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nchi hii ya mahindi, kila mkulima anajua kuwa jembe hupewa mtu pamoja na shamba na msimu mzima wa kulilima.