Je, Wajua? Kiatu Kipya Kabla ya Kilomita 42

Jioni ya Septemba 10, 1960, askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme wa Ethiopia alisimama pekupeku kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Olimpiki mjini Roma. Abebe Bikila hakukosa viatu. Raba alizokuwa nazo zilikuwa zimechakaa, na mpya alizopata huko zilimbana na kumtoa malengelenge. Miguu yake ilikwisha kufanya mazoezi bila viatu, kwa hiyo akaziacha. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, mbio iliyovunja rekodi na kuipa Ethiopia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Kisa hiki husimuliwa kusifu unyayo mtupu. Lakini miaka minne baadaye Bikila huyohuyo alishinda tena Tokyo akiwa amevaa raba na soksi, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Tofauti ilikuwa mazoea: Roma alikataa kwenda kilomita 42 na kiatu ambacho mguu wake haujakijua.

Kwani ni nini hasa kinachozoea, kiatu au mguu? Zamani, kiatu cha ngozi kilihitaji siku nyingi kulainika na kufuata umbo la mvaaji. Raba za leo ni kitu kingine. Soli yake ya kati ni povu la plastiki lenye viputo vidogo vilivyojaa gesi, vinavyobonyea unapokanyaga na kurudi unapoinua mguu. Sehemu ya juu ni kitambaa cha nyuzi za plastiki, nacho hakitanuki sana. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "itaachia tu ukiivaa" anakupoteza. Raba inayobana dukani itabana zaidi kilomita ya 30, maana miguu huvimba mwendo unavyorefuka. Ndiyo sababu inafaa kununua jioni, miguu ikiwa imechoka, na kuacha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Anayepuuza nafasi hiyo hurudi nyumbani na kucha nyeusi: damu imevilia chini ya ukucha uliokuwa ukigonga ncha ya kiatu kwenye kila mteremko.

Kinachozoea zaidi, basi, ni mguu. Angalia lengelenge linavyotokea. Mguu unapotua, mifupa husogea kidogo ndani huku ngozi ya nje ikiwa imeshikwa na soksi. Matabaka ya ngozi yaliyo katikati huvutwa huku na huku. Marathoni huwa na makumi ya maelfu ya hatua. Mvutano ukirudiwa hivyo, matabaka huachana na majimaji hujaa katikati. Jasho huongeza balaa, kwa sababu ngozi yenye unyevu hung'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu, na soksi ya pamba hushika maji kwa muda mrefu. Ngozi ileile ikisuguliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huongezeka unene na kustahimili. Ikisuguliwa sana kwa siku moja, huchubuka.

Misuli na mifupa nayo hudai muda wake. Tangu mwaka 2017 raba za mashindano zenye povu nene na bamba la kaboni zimeenea, na zinabadilisha jinsi mzigo unavyogawanywa kwenye kifundo na unyayo. Mwaka 2023 madaktari wa michezo waliripoti wanariadha watano waliopata majeraha ya mfupa mmoja wa katikati ya mguu wakitumia viatu vya aina hiyo, wakashauri kuvizoea polepole. Hata Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni kutoka Kenya, hakuepuka matatizo ya kiatu. Kwenye marathoni ya Berlin, Septemba 2015, soli za ndani za viatu vyake vya majaribio zilichomoka mapema na kuning'inia nje ya visigino. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, mguu ukivuja damu. Ni mafanikio ya ajabu, ila usiyafanye mfano wa kuiga.

Mimi ningeshauri hivi: raba mpya zivae kwanza nyumbani, kisha mbio fupi mbili tatu kwa wiki, ukibadilishana na raba za zamani. Halafu kimbia mbio moja ndefu, sehemu yake kwa kasi ya siku ya mashindano, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa na kamba zimefungwa vilevile. Hapo ndipo mshono unaochoma hujitokeza, pengine baada ya saa nzima ya raha. Ukikuchoma, badili kiatu wiki hiyo, usisubiri.

Na kwa wengi wetu raba hutoka mtumbani. Ya namna hiyo ilikwisha kuzoea mguu wa mtu mwingine. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: kama imeinama upande mmoja, itauvuta mguu wako upande huohuo. Kisha bonyeza soli ya kati kwa kidole. Povu lililojaa mikunjo na lisilorudi limechoka kama godoro la zamani, na hakuna idadi ya mazoezi itakayolifufua.