Sahani Tisa za Kuonja

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi, mtaa wa Huruma, kwa binti yangu. Mumewe alikuwa amepandishwa cheo kazini, akaona vyema kutukirimu katika mkahawa mmoja wa Westlands ambamo mteja hachagui chakula. Mpishi ndiye huamua, na vyakula huletwa kidogo kidogo, sahani baada ya sahani, ili vionjwe. Bei yake shilingi 9,500 kwa kila mtu, nasi tulikuwa wanne.

Zikaja sahani tisa. Ya kwanza ilikuwa na kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba, kimepambwa kwa ua. Ya tatu ilikuwa povu. La nini, sikutambua. Ya tano ndiyo nyama, imemwagiwa mchuzi mweusi. Nikamwuliza mhudumu mchuzi ule umepikwa kwa nini. Akajibu kwa adabu: kwa mvinyo.

Tukazirudisha sote. Hatukuletewa badala yake, wala bei haikupunguzwa. Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Siku ya kuweka nafasi aliwauliza kama nyama ni halali, wakamwambia ndiyo. Naye hakukumbuka kwamba nyama yaweza kuchinjwa kisheria kisha ikaharibiwa sufuriani. (Akina mama wanaoagiza vyakula vya harusi nje, ulizeni na mchuzi pia.)

Tulipotoka akaniuliza, "Baba, chakula kilikupendeza?"

Swali hilo lilinielemea. Abu Huraira amepokea, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) hajapata kukitia ila chakula: akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Lakini kukitia ila chakula ni jambo moja, na kuhoji mauzo ni jingine. Mtume huyo huyo amekataza biashara ya gharari, ambayo ndani yake mna kisichojulikana. Sitoi fatwa juu ya mkahawa. Ila mtu anayelipa shilingi 38,000 ana haki ya kuambiwa kabla ya kuketi ni nini kitakachoingia kinywani mwake.

Nikamjibu kwamba samaki alikuwa mzuri, na kweli alikuwa mzuri, lakini fedha ya zile sahani nne aidai.

"Naona haya, Baba."

Binti yangu akasema yeye ana njaa. Tukapitia Kiamaiko, penye machinjio ya mbuzi, tukanunua nyama. Nyumbani akapasha wali wa mchana, akapakua katika sinia moja. Mkwe wangu alikula kimya. Asubuhi alipiga simu mwenyewe, akaahidiwa jibu. Hadi ninapoandika haya, anangoja.