Mtu wa Hesabu na Ujira Wake

Ndugu Mkulima, ukitaka dume la kupandisha ng'ombe wako humwendei mwenye bei ya chini kabisa. Wauliza kwanza mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Lakini wakulima wengi wakitaka mtu wa kuwatengenezea hesabu humchukua yule wa kwanza anayetajwa sokoni, kisha hulalamika juu ya ujira wake.

Jiulize kwanza kama unamhitaji. Mwenye ng'ombe wawili na ekari mbili za mahindi aweza kuandika mapato na matumizi yake mwenyewe katika daftari moja, na watu wa kodi walioko Huduma Centre watamsaidia kupeleka taarifa ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Huyo asipoteze fedha zake. Bali ikiwa umeajiri watu, una trekta la kukodisha, au wataka mkopo wa benki, shauri ni jingine.

Tazama mfano huu. Tuseme maziwa yako yamekuletea Sh. 600,000 kwa mwaka, nawe umetumia Sh. 350,000 kwa chakula cha ng'ombe, dawa na mshahara wa mchungaji. Faida ni Sh. 250,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, kodi yake ni Sh. 25,000, na kwa kuwa kila mlipa kodi husamehewa Sh. 28,800 kwa mwaka, hulipi kitu. Sasa tuseme risiti za Sh. 200,000 zimeliwa na panya. Faida yahesabiwa kuwa Sh. 450,000, na kodi yako baada ya msamaha ni Sh. 43,600. Hakuna mtu wa hesabu awezaye kuzirudisha risiti hizo. Akikuambia aweza kutengeneza nyingine, mwage kwaheri upesi, maana namba ya PIN ni yako wala si yake, na Mamlaka ya Kodi itakuja kwako. Tena tangu Januari 2024 risiti za gharama nyingi zatakiwa zitoke katika mtambo wa eTIMS. Mtu mzuri atakueleza jambo hili mwanzo wa mwaka, si mwezi wa Juni.

Jinsi ya kumjua? Si kila aliyefaulu mtihani wa CPA ana ruhusa ya kufungua ofisi yake na kukagua hesabu. Chini ya sheria ya wahasibu ya mwaka 2008 lazima awe mwanachama wa chama cha wahasibu, ICPAK, na awe na cheti cha kufanyia kazi hiyo. Mwombe akuonyeshe cheti, kisha uulize ICPAK wenyewe kama jina lake limo katika orodha. Mwulize pia kama anao wakulima wengine. Mtu aliyezoea maduka ya mjini huenda asijue ndama aliyezaliwa shambani aingizwe wapi katika hesabu.

Basi ujira. Wengine hutoza kwa saa, wengine kwa mwezi, wengine kwa kazi nzima. Kwa mkulima ni afadhali bei ya kazi nzima, iliyoandikwa kabla ya kuanza, pamoja na maneno ya kazi yenyewe. Mmoja akitaka Sh. 12,000 na mwingine Sh. 20,000, usiseme bado kwamba wa kwanza ni rahisi. Huenda yeye hujaza taarifa ya kodi tu, na huyu wa pili huja shambani mara mbili kwa mwaka na kujibu barua za benki. Uliza pia kama VAT imo ndani ya bei hiyo. Ukimpelekea gunia la karatasi zilizokunjamana, utamlipa mtu wa elimu kwa kazi ya kupanga karatasi ambayo mtoto wako wa shule angeifanya jioni moja.

Anayetaka fungu la kodi atakayokuokolea, mwogope. Kila uwongo anaoandika wamwongezea mshahara. Na katika iTax, hakikisha namba ya simu na anwani iliyoandikwa ni yako, ili mkigombana usifungiwe nje ya mambo yako mwenyewe.

Sasa chama chenu. Skimu za ekari milioni zilipoanza mwaka 1962, vyama vya ushirika vilianzishwa pamoja nazo, na hata leo fedha za maziwa za wengi hupitia humo. Sheria yataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, na mkaguzi achaguliwe na mkutano mkuu kutoka katika orodha iliyokubaliwa na Kamishna wa Ushirika. Hachaguliwi na mwenyekiti, wala asiwe yule yule anayeandika vitabu. Chama cha watu 300 kikimlipa Sh. 90,000, kila mmoja ametoa Sh. 300, bei ya lita chache za maziwa. Si nyingi, kama amehesabu magunia ya chakula stoo na kuiandikia benki barua yeye mwenyewe. Aliyetia sahihi bila kutoka ofisini ni ghali hata kwa Sh. 10,000.

Katika mkutano mkuu ujao, kabla hamjapiga kura juu ya ujira wake, mwulizeni alikaa siku ngapi, na ni nani aliyemfungulia stoo.