Michezo ya Dijitali na Suala la Urithi wa Utamaduni wa Taifa

Katika British Museum, mjini London, imehifadhiwa sanamu ya mti ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa Kasai. Iliingia humo mwaka 1909, kutokana na safari za Emil Torday katika nchi ya Kongo. Kila sanamu ya aina hiyo, iitwayo ndop, hubeba alama moja ya kumtambulisha mfalme wake. Alama ya Shyaam si mkuki wala ngoma. Ni ubao wa vishimo, ubao wa lyeel, mchezo wa jamii moja na bao la Waswahili, na masimulizi ya Wakuba yanamtaja mfalme huyo kuwa ndiye aliyeuleta kwa watu wake. Basi wale wanaodai kwamba mchezo ni upuuzi wa watoto usiostahili kuingizwa katika hazina ya taifa, wana hoja ya kujibu ambayo ilichongwa Kasai zamani.

Hata hivyo sanamu hiyo inaonyesha pia ugumu wa jambo lenyewe. Ubao upo, umechongwa vizuri, lakini haucheziki. Hakuna kete, hakuna mpinzani, hakuna watazamaji wa kumkosoa mchezaji. Makumbusho yamehifadhi picha ya mchezo, hayakuhifadhi mchezo. Ugumu huu huu, tena kwa ukali zaidi, ndio unaoikabili michezo ya dijitali, yaani ile inayochezwa kwa kompyuta, kwa simu ya mkononi au kwa mashine inayounganishwa na televisheni.

Ubao wa mti ukipasuka, seremala atachonga mwingine. Na asipopatikana seremala, wachezaji watachimba vishimo ardhini. Programu haina uvumilivu huo. Inaitegemea mashine fulani, na mashine inautegemea mfumo fulani wa uendeshaji, na vyote viwili huachwa na watengenezaji wake kila biashara inapogeuka. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, na michezo mingi mno iliyokuwa ikichezwa bure katika mtandao ikanyamaza. Wapenzi wa michezo, si serikali, ndio waliojitolea kuikusanya na kuitafutia njia ya kufunguka tena. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, ipatayo 87 haikuwa ikipatikana tena madukani. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi tajiri, haifai kudhani kwamba kwingineko mambo yatajihifadhi yenyewe.

Ufaransa ilitangulia kuliona jambo hili. Sheria yake ya tarehe 20 Juni 1992 juu ya uwekaji wa lazima wa nakala iliingiza kazi za aina hiyo, na tangu hapo Maktaba ya Taifa mjini Paris hupokea michezo kama inavyopokea vitabu. Huko New York, makumbusho ya sanaa ya MoMA yalinunua michezo 14 mwaka 2012 na kuiweka katika mkusanyo wake.

Katika Kongo sheria ya msingi ya kulinda mali za utamaduni ni ya tarehe 15 Machi 1971. Nayo inazungumzia mali zinazohamishika na zisizohamishika, mgawanyo unaofaa kwa vinyago na majengo. Mchezo wa dijitali utawekwa upande gani? Kisanduku chake kinahamishika, ni kweli. Lakini chenyewe si kisanduku. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2010, unasaidia zaidi, kwa kuwa unatazama matendo na maarifa ya watu. Kwa njia hiyo rumba ya Kongo iliandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla yake Kazakhstan, Kirigizia na Uturuki ziliandikisha michezo yao ya ubao, ambayo ni ndugu wa bao na wa lyeel. Kwa hiyo mlango wa michezo umekwisha kufunguliwa, na waliouingia si Waafrika.

Yawezekana mtu akauliza: Kongo inunue mashine za kigeni ili ihifadhi michezo ya kigeni? Swali ni la haki. Michezo mingi inayochezwa Kisangani haikutungwa Afrika. Hata iliyotungwa Afrika, kama Aurion, kazi ya kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé iliyotolewa mwaka 2016, iliwafikia wachezaji kupitia duka la mtandaoni la Marekani. Tena upo mchezo uliomhusu Mkongo moja kwa moja, nao ulitungwa mbali: Phone Story, wa mwaka 2011, ambao sehemu yake ya kwanza inaonyesha watoto wakichimba koltani katika Kongo. Apple iliuondoa katika duka lake mara tu baada ya kutolewa. Mtafiti wa Kongo atakayetaka kuusoma mchezo huo kama hati ya historia ya madini hana maktaba ya nchini ya kumpa nakala. Anategemea hiari ya watungaji kuuweka mahali panapofikika.

Lakini jibu kubwa zaidi ni la kiisimu. Mchezo unaotoka nje huchezwa kwa lugha ya ndani. Menyu huwa ya Kifaransa au ya Kiingereza. Mabishano, mizaha na kelele za ushindi katika vyumba vya kuchezea vya Makiso au Mangobo ni vya Kilingala na Kiswahili, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Sehemu hiyo ndiyo mali ya Kisangani, na hakuna maktaba ya Paris itakayoihifadhi. Bao linatoa funzo. Alex de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliwasikiliza na kuwatazama wachezaji wenyewe. Programu ya kompyuta yaweza kuhesabu vema mashimo 32 na kete 64. Haihitaji kujua kwamba shimo moja huitwa nyumba, kwamba mchezaji hunamua kwanza kwa kete 22 alizobaki nazo mkononi, kisha huingia katika mtaji, na akikosa cha kula hutakata. Kompyuta inacheza bila istilahi. Wazee hawachezi bila hiyo.

Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kimepita katika uasi na vita, na mji wenyewe ulipigwa mizinga kwa siku sita mwezi Juni 2000. Hapa hakuna haja ya kueleza jinsi hati zinavyopotea. Ghala la mashine za zamani, lenye umeme usiokatika na mafundi wake, ni jambo la Kinshasa na la bajeti ya taifa. Bali kazi ya kunasa sauti za wachezaji, kuandika majina wanayoipa mitambo na mbinu zao, kuuliza mchezo gani ulifika mtaa gani mwaka gani na ulikomeshwa na nini, yaweza kuanzwa na wanafunzi wa isimu wenye simu na daftari. Ianze kwa waliocheza katika miaka ya 1990, ambao wengi wao sasa wana watoto wanaocheza michezo mingine kabisa.